Kioo cha Gari Kimepasuka Mtwara au Lindi: Namna ya Kudai Bima Bila Kupoteza Haki Yako

Mimi ni wakala wa bima hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba na kuendelea, wateja wananipigia kwa sababu ya vioo kuliko jambo lingine lolote. Malori ya korosho yanashuka kutoka Masasi, Newala na Tandahimba, yanapishana na ya saruji na ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea. Penye changarawe, tairi moja linatosha kukurushia kokoto usoni. Hatua ninazowapitisha wateja wangu ni hizi, na ya kwanza hufanyika kioo kikiwa bado kizima.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako leo

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, hailipi kioo chako. Inalipa madhara uliyomsababishia mwenzako, basi. Unahitaji bima kubwa, inayolipa na gari lako mwenyewe, ambayo kwa gari binafsi huwa kwenye asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya kodi. Gari la milioni 12, hiyo ni shilingi 420,000.

Ukiwa na bima kubwa, bado tafuta kifungu cha vioo. Mikataba mingi hukiwekea kikomo chake peke yake, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa kwa kioo, na hapo ndipo watu wanapoumia: kikomo kidogo, kioo ghali. Muulize wakala wako maswali matatu. Kikomo ni shilingi ngapi? Nikidai kioo, nachangia kiasi gani mwenyewe? Je, punguzo langu la kutodai, yaani nafuu ya bei ninayopata kwa mwaka nisiodai chochote, litabaki? Kama gari lako lina kamera au kihisi cha mvua kwenye kioo cha mbele, omba kikomo kiongezwe wakati wa kukata bima. Kuongeza baada ya kokoto kugonga haiwezekani.

Kisha hakiki stika yako ya bima kwa namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Usipoiona humo, mfuate aliyekuuzia siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Pale pale barabarani

Simama pembeni, mahali salama. Kioo cha mbele ni vipande viwili vilivyobanana na utando wa plastiki katikati, kwa hiyo hupasuka bila kumwagika. Cha mlangoni kimeimarishwa kwa joto. Kikivunjika kinakuwa chembechembe. Usizizoe kwa mikono mitupu, na usizitupe kabla hujapiga picha.

Piga picha gari zima namba ikionekana, halafu ufa kwa karibu ukiwa umeweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika saa na mahali: "baada ya Mnazi Mmoja, naelekea Masasi" inatosha. Kama jiwe limedondoka kutoka kwenye mzigo usiofunikwa, nakili namba ya lori, maana hapo unaweza kudai bima ya mwenye lori. Jiwe lililorushwa na tairi ni vigumu kumbana mtu, usipoteze muda kulikimbiza lori.

Kioo kikivunjwa na mwizi, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue ripoti. Na uelewe kwamba kompyuta iliyokuwa kwenye kiti kwa kawaida haimo katika bima ya gari.

Hatua ya 3: Toa taarifa kwa wakala au kampuni ya bima kabla fundi hajagusa

Hapa ndipo ninaposisitiza mno. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alibadilisha kioo Jumamosi ili Jumatatu awahi kazini, akaniletea risiti tu. Kioo cha zamani kilishatupwa, picha hakuna. Kampuni ilikataa, na sikuwa na cha kuitetea nacho haki yake. Iliniuma sana. Ujumbe mmoja wa simu wenye picha, uliotumwa kabla ya kwenda kwa fundi, ungemwokoa.

Hatua ya 4: Fomu na profoma

Jaza fomu ya madai kwa ukweli mtupu. Ambatanisha nakala ya leseni, kadi ya gari, picha, na profoma ya fundi, yaani makadirio ya gharama kabla ya kazi, inayotenganisha bei ya kioo, gundi na ufundi. Subiri kibali cha maandishi cha kampuni.

Hatua ya 5: Kuziba au kubadilisha

Kidonda kidogo kisicho mbele ya macho ya dereva huweza kuzibwa kwa gundi maalumu, kwa bei nafuu kuliko kioo kipya. Mpaka ufike kwa fundi, bandika selotepu juu yake vumbi lisiingie, na usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua la hapa kwetu; ufa utakimbia.

Kikibadilishwa, muulize fundi gundi inahitaji saa ngapi kukauka, nawe umtii. Katika magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria huegemea kioo hicho unapofunguka. Kioo kisichoshika vizuri kinaweza kung'oka wakati unapokihitaji zaidi.

Hatua ya 6: Ukikataliwa

Dai sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba walichokitumia. Usipopata jibu la maana, peleka malalamiko TIRA, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mtwara, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako hutozwi ada. Nenda na mkataba, picha, na ule ujumbe wako wa kwanza wa simu ukionyesha tarehe na saa.