Jinsi ya kupima ujazo wa ubongo kwa MRI kwa mgonjwa unayemfuatilia

Ripoti nyingi za MRI ya ubongo zinaandika "ubongo umesinyaa kiasi" alafu basi, kiasi gani hujui, na mwaka ujao mgonjwa akirudi unashindwa kusema ameshuka au yupo palepale. Kama mna mzee anayesahausahau mnamfuatilia, namba inapatikana, ila picha ipigwe vizuri kwanza.

Mwambie mtu wa MRI apige T1 ya 3D (aina ya picha ya MRI inayoonyesha vizuri umbo la ubongo), kila nukta ya picha iwe mm 1 pande zote, ubongo mzima bila kuruka nafasi. Zile za vipande vya mm 5 za kila siku hazifai kwa kazi hii. Hiyo T1 inachukua kama dakika 5 na hapo mgonjwa asitikisike kabisa, kwa hiyo muelezeni mapema kwa upole, awekewe sponji pembeni ya kichwa, aende chooni kwanza, maana akitikisika gamba la ubongo linatoka jembamba kuliko lilivyo na kompyuta inakupa namba vilevile kama hakuna kilichotokea.

Kupima, kuna FreeSurfer, softiwea ya kompyuta inayopima sehemu za ubongo kwenye picha za MRI. Ni ya bure, inakaa kwenye Linux au Mac, unaiwasha kwa amri ya recon-all na unaiacha usiku kucha. Ni softiwea ya utafiti, isikutolee jibu la ugonjwa peke yake. Asubuhi usikimbilie namba! Fungua picha uangalie mistari iliyochorwa na softiwea imefuata ubongo kweli au imekula utando na fuvu. Ikiwa sawa ndo ufungue faili la majibu linaloitwa aseg.stats utafute hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) kushoto na kulia. Tuseme ni 3,100 na 3,250, hizo ni milimita za ujazo, jumla 6,350 yaani mililita 6.35. Gawanya kwa ujazo wa ndani ya fuvu ulio kwenye faili hilohilo, tuseme 1,450,000, unapata asilimia 0.44. Usiruke hapo, mwenye kichwa kikubwa ana hipokampasi kubwa pia.

Sasa kulinganisha, hapa ndo watu wanaumizwa. Kwa mgonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu) hipokampasi inapungua kama asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka, mzee mwenye afya kama 1 hadi 1.5. Ukimtoa mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku ya mashine) ukampeleka ya 3, namba inaweza kuhama asilimia kadhaa na ubongo haujabadilika chochote, alafu familia inaambiwa mzee anaharibika haraka. Inauma sana hiyo. Mashine ileile, mipangilio ileile, toleo lilelile la softiwea. Uliza pia kama ameanzishiwa steroidi au alikuwa ameishiwa maji, vyote vinaweza kupunguza ujazo kwa muda.

Data za rejea nyingi zimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo wazee wetu mi napendelea kumlinganisha mtu na skani yake mwenyewe ya zamani. Kwenye ripoti andika mashine, Tesla ngapi, softiwea na toleo lake, na picha zote mzitunze kwenye DICOM (faili za kompyuta za picha za hospitali), filamu peke yake haipimiki.