Namna ya Kueleza Makazi ya Watu kwa Kutumia Ramani: Mfano wa Kilimanjaro

Anayetaka kueleza kwa nini watu wamejenga mahali fulani na kuacha pengine patupu asianze na orodha ya sababu aliyoikariri, bali aanze na ramani ya skeli ya 1:50,000, ambamo nyumba huonyeshwa kwa vidoti na miinuko kwa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Tutumie Kilimanjaro, kwa kuwa huko ardhi na makazi vimefungamana waziwazi kuliko sehemu nyingi za Tanzania.

Fuata maji kwanza. Pitisha kalamu kwenye mito ya upande wa kusini, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu, nawe utaona kwamba nyumba zimesongamana juu ya migongo ya ardhi iliyo katikati ya makorongo, wala si ndani ya makorongo yenyewe. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda upande huu, hupoa na kuleta mvua nyingi, ilhali upande wa kaskazini hupata mvua kidogo zaidi. Hata hivyo, kuandika "mvua nyingi" na kuishia hapo hakutoshi. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji inayochepusha maji ya mto huko juu na kuyafikisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na bila kazi hiyo migongo mingi isingebeba watu wengi kiasi hicho. Udongo wa volkano nao utajwe, ingawa sentensi moja inatosha.

Kisha soma kontua. Ukanda wa vihamba uko takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Chini yake kuna joto, ukame na, kwa muda mrefu, malaria. Ndiyo maana familia nyingi zililima mahindi tambarare lakini zikaishi mlimani. Juu yake kuna baridi na msitu, na hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kuitupia baridi lawama yote. Hali ya hewa hupunguza nyumba kidogo kidogo, lakini ukiona vidoti vimekatika ghafla kwenye mstari mmoja, tafuta mpaka uliowekwa na serikali: hapa ni mpaka wa msitu wa hifadhi.

Mwisho, shughulikia makazi yasiyoingia katika maelezo yako, na usiyafiche. Mji wa Moshi uko chini ya ukanda wa vihamba kwa sababu reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, ilihitaji ardhi isiyo na mwinuko mkali. Arusha Chini, kusini mwa Moshi, ni tambarare kame, lakini mashamba ya miwa yanayomwagiliwa yamewakusanya wafanyakazi huko. Kwa kila eneo la namna hiyo, andika kando ya ramani kilichowaleta watu, na maji wanayotumia yanatoka wapi.