Kumulika jino kutafuta ubovu uliojificha

Meno yakibanana, ubovu huanzia pale yanapogusana, na kwa macho huuoni hadi ganda (tabaka gumu la nje la jino) libomoke. Kabla ya kuomba eksirei, mulika. Unahitaji taa ya mwanga mweupe yenye ncha nyembamba (kwa magego, nusu milimita hivi inatosha), kioo cha mdomoni na hewa.

1. Ondoa ukoga na ugaga (ukoga uliogandamana na kuwa mgumu). Hata madoa ya chai hutoa kivuli cha uongo.

2. Kausha jino kwa hewa, sekunde tano hivi. Ganda lililopoteza madini lina vitundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Vikijaa mate, ubovu mchanga hauonekani.

3. Zima taa ya kiti cha mgonjwa. Wengi hupuuza hili, kisha wanasema kumulika hakufanyi kazi.

4. Bandika ncha upande wa shavu, karibu na fizi, chini ya mgusano wa meno mawili. Tazama sehemu ya kutafunia. Rudia upande wa ulimi. Kwa meno ya mbele, mulika kwa mbele, upande wa midomo, utazame nyuma kwa kioo.

5. Soma kivuli. Kikiwa kijivu na kimeishia kwenye ganda, ubovu bado mchanga. Kikiingia ndani na kugeuka kahawia au samawati iliyofifia, dentini (tabaka lililo chini ya ganda) imeguswa. Mwanga ukikatika ghafla, upande mmoja unang'aa na wa pili giza, huo ni ufa. Vijistari vya juujuu kwenye ganda haviukati mwanga hivyo. Jino lililozibwa kwa zebaki halisomeki vizuri, maana zebaki huziba mwanga.

Kwa wagonjwa waliokulia Arusha au Kilimanjaro, kwenye maji yenye floridi nyingi, ganda lenyewe lina mabaka. Linganisha na jino lile lile la upande wa pili: mabaka ya floridi kwa kawaida huja pande zote mbili, ubovu haufuati utaratibu huo.

6. Usichimbe kwa sababu ya kivuli tu. Kama ganda halijatoboka, paka floridi, mfundishe mgonjwa kutumia uzi wa meno, umwite tena. Ukishuku dentini, sasa omba eksirei. Hali ya mzizi taa haikuonyeshi.

Zipo kamera za mwanga wa nanomita 780 zinazofanya kazi hii na kuhifadhi picha, na kifaa cha leza ya nanomita 655 kinachopima ubovu kwa namba 0 hadi 99. Mimi napendelea picha: namba hupandishwa hata na ugaga, na mgonjwa huiamini kuliko anavyokuamini wewe.