Kuomba Purple Heart, nishani ya Marekani ya askari waliojeruhiwa au kuuawa na adui, miaka mingi baada ya vita: fomu, ushahidi na mahali maombi yanapokwama

Wapo wazaliwa wa Kenya, Tanzania, Kongo na Uganda waliovaa sare ya jeshi la Marekani, wengine kupitia mpango wa MAVNI uliowapokea wahamiaji wenye lugha adimu hadi mwaka 2016. Baadhi yao walijeruhiwa Iraq au Afghanistan, wakafungwa bendeji, wakarudi zamu siku ileile, na hakuna aliyejaza karatasi. Miaka ikapita. Wengi wanadhani wamechelewa, na hapo ndipo wanapojinyima haki yao. Nishani nyingi za jeshi lazima zipendekezwe ndani ya miaka 2 tangu tukio, lakini Purple Heart haikufungwa na muda huo. Unaweza kuiomba baada ya miaka 10, 30 au 50, mradi uwe na ushahidi.

Utaratibu ulioelezwa hapa ni wa Jeshi la Nchi Kavu, ambalo kanuni yake ya nishani ni AR 600-8-22. Jeshi la Anga, Jeshi la Majini na Marine wana ofisi zao, lakini ushahidi wanaoutaka unafanana sana na huu.

Kwanza, jeraha lako linastahili?

Purple Heart haitolewi kwa ushujaa wala kwa hisani ya kamanda. Ni stahili. Ukitimiza masharti unapaswa kuipata, usipoyatimiza hakuna jenerali wa kukupa. Masharti ni matatu, na yote lazima yathibitishwe: jeraha lilisababishwa na adui, jeraha lilihitaji matibabu ya daktari au mtaalamu wa tiba, na matibabu hayo yaliingizwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Risasi, vigae vya kombora, bomu la kutegwa barabarani na mlipuko wa roketi kambini vyote vinahesabika. Risasi ya mwenzako pia inahesabika kama ilipigwa katikati ya mapambano kwa nia ya kumpiga adui. Mashambulizi ya kigaidi ya kimataifa yanahesabika tangu 28 Machi 1973, hata nje ya uwanja wa vita. Ndiyo maana askari aliyejeruhiwa katika shambulio kama lile la al-Shabaab huko Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, hazuiwi na hoja kwamba Marekani haikuwa vitani Kenya. Mfanyakazi wa mkataba aliyekuwa pamoja naye hapati Purple Heart, kwani siku hizi nishani hii ni ya wanajeshi tu.

Visivyohesabika ni vidole vilivyoganda kwa baridi, kuzimia kwa joto, sumu ya chakula, ajali ya gari isiyotokana na adui, kuumia wakati wa kuruka na parachuti bila adui kuhusika, madhara ya Agent Orange (dawa ya kuua mimea iliyotumiwa na Marekani Vietnam), na msongo wa akili wa baada ya vita. Hili la mwisho linawaumiza wengi, na hawakosei kuumia, lakini kanuni iko wazi. Kwa hali hiyo dai fidia kwa Idara ya Maveterani, yaani VA, usipoteze mwaka mzima ukiiombea nishani.

Mtikisiko wa ubongo unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu maombi mengi ya vita vya Iraq na Afghanistan yanahusu huo. Kusikia kizunguzungu baada ya mlipuko hakutoshi. Lazima kumbukumbu zionyeshe ulipoteza fahamu, au daktari alikuondoa kwenye kazi kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu dalili hazikuisha. Mwaka 2011 Jeshi lilifafanua masharti haya, na yanawafikia walioumia tangu 11 Septemba 2001, hivyo aliyekataliwa kabla ya hapo ana sababu ya kuomba upya. Kuchelewa hakumaanishi kukosa: baada ya makombora ya Iran kupiga kambi ya Al Asad, Iraq, Januari 2020, askari 29 walipewa nishani kwanza, kisha Desemba 2021 wengine 39 wakaidhinishwa baada ya majalada yao kupitiwa upya.

Je, ulikwisha kupewa bila kujua?

Kabla ya kuandika ombi lolote, angalia cheti chako cha kutoka jeshini, fomu DD 214, kisanduku namba 13. Kama nishani haimo, usikimbilie kusema hukupewa. Inawezekana amri ya kukupa ilitolewa hospitalini Ujerumani ulikopelekwa kutibiwa, na karani aliyejaza cheti chako hakuiona. Ukiipata amri hiyo huna haja ya kuthibitisha jeraha tena. Unaomba tu cheti kirekebishwe kwa fomu DD 215, na nishani yenyewe itolewe.

Kwa hiyo barua ya kwanza iende St. Louis, Missouri, kwenye kituo cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi kinachoitwa National Personnel Records Center. Tumia fomu SF 180, au omba kwa mtandao kwenye tovuti ya National Archives. Andika kwamba unataka jalada zima la utumishi, siyo DD 214 pekee. Usipoandika hivyo utaletewa karatasi moja.

Kumbukumbu za matibabu ziko wapi

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu jalada la matibabu mara nyingi haliko pamoja na jalada la utumishi. Kwa walioacha Jeshi la Nchi Kavu baada ya 16 Oktoba 1992, jalada la afya lilianza kupelekwa VA. Liombe huko kwa fomu 20-10206. Kumbukumbu za kulazwa ni kitu kingine tena. Zilihifadhiwa kwa jina la hospitali na mwaka, siyo kwa jina lako pekee, hivyo taja hospitali, mwezi na mwaka uliolazwa.

Karatasi yenye thamani kuliko zote ni SF 600, ile ya mtiririko wa matibabu, iliyoandikwa kulekule vitani siku ya tukio au siku chache baadaye. Iwe na uchunguzi, jina la jeraha na tiba uliyopewa. Karatasi ya daktari wa mwaka 2019 inayosema una kovu la vigae vya mwaka 2005 ni msaada, lakini haisimami peke yake. Hali ni hiyohiyo kwa barua ya VA inayokupa asilimia za ulemavu. VA huangalia kama ugonjwa ulitokana na utumishi, ilhali Jeshi linauliza nani alikujeruhi na nani alikutibu. Waombaji wengi huambatanisha barua ya VA wakidhani wamemaliza kazi, na wanakataliwa.

Kwa veterani wa Vietnam, tafuta fomu DA 20 kwenye jalada na usome kisanduku namba 40, cha majeraha. Kikiwa tupu bado kuna orodha ya majeruhi wa Vietnam, na ile telegramu iliyopelekwa kwa familia kama ilihifadhiwa nyumbani. Kwa Vita vya Pili vya Dunia angalia kisanduku namba 34 cha fomu ya kuachishwa jeshi, WD AGO 53-55.

Ukijibiwa kwamba jalada liliungua, jibu hilo linaweza kuwa kweli. Moto wa 12 Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya Jeshi la Nchi Kavu ya walioachishwa kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960. Jaza fomu NA 13055 ili waunganishe habari kutoka vyanzo vingine. Taja kikosi hadi ngazi ya kompania, na mwezi ulioumia, maana taarifa za kila asubuhi za kompania zilionyesha nani alipelekwa hospitali. Ziko pia kadi za kulazwa za ofisi ya daktari mkuu wa jeshi, za 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954.

Maelezo yako na ya mashahidi

Andika maelezo yako kwa ukurasa mmoja tu, kwa Kiingereza. Msomaji anataka tarehe, mahali, kikosi, adui alifanya nini, ulikuwa umekaa wapi, kiungo gani kiliumia, nani alikutibu, wapi, na ulirudi kazini lini. Usiandike historia ya vita wala jinsi ulivyotendewa baadaye. Sentensi nzuri, kwa maana yake, ni hii: "Gari letu la tatu kwenye msafara lilipigwa na bomu la barabarani, nilikuwa nyuma ya dereva, kigae kikaingia paja la kushoto, tabibu wa kikosi akakitoa kituoni jioni ileile."

Mashahidi wawe wawili, na wewe siyo mmoja wao. Lazima wawe walikuwepo na waliona kwa macho yao. Aliyesikia kwenye redio hafai. Kila mmoja aandike kwa maneno yake kwenye fomu ya kiapo DA 2823, akitaja cheo chake cha wakati ule na alikuwa umbali gani nawe. Shahidi bora kuliko wote ni tabibu wa kikosi aliyekutibu, hasa kama karatasi ya matibabu imepotea. Usiwaandikie mashahidi wako. Maelezo mawili yenye sentensi zilezile hupoteza nguvu yote, hata kama yanasema kweli.

Jihadhari na tarehe. Mlipuko wa saa 7 usiku unaweza kuandikwa tarehe moja na kikosi na nyingine na kliniki, hasa pale saa za kimataifa zilipotumika badala ya saa za mahali. Ukiona tofauti hiyo, ieleze mwenyewe kwa sentensi moja. Usimwachie mkaguzi aigundue.

Jambo jingine linalowagusa wahamiaji ni majina. Wapo waliobadilisha jina siku ya kuapishwa uraia, na wengine majina yao matatu yalipangwa vingine na karani. Kama jina la karatasi ya kliniki halifanani na la kitambulisho chako cha leo, ambatanisha nakala ya cheti cha uraia au amri ya mahakama.

Kupeleka ombi

Jalada likikamilika liwe na barua ya ombi yenye sahihi yako, maelezo ya ukurasa mmoja, DD 214, amri ya kupelekwa vitani, karatasi za matibabu, maelezo ya mashahidi wawili, na taarifa ya majeruhi kama ipo. Aliye bado jeshini au kwenye akiba hupitia kikosi chake kwa fomu DA 4187. Uliyekwisha kutoka unapeleka mwenyewe, lakini ukimpata kamanda wako wa wakati ule, mwombe aidhinishe kwa maandishi. Sahihi yake ina uzito.

Yote yaende Human Resources Command, tawi la nishani, Fort Knox, Kentucky. Peleka nakala tu, hati halisi zibaki nyumbani. Wa Jeshi la Anga wanapeleka kituo cha utumishi cha Randolph, San Antonio, wa Jeshi la Majini Millington, Tennessee, na Marine Quantico, Virginia.

Hakuna ada. Anayekuomba pesa "kuharakisha" anakuibia. Msaada wa bure unapatikana kwa maofisa wa kaunti wanaohudumia maveterani, na kwa vyama vya maveterani kama Military Order of the Purple Heart, DAV na American Legion. Kama miezi inapita bila jibu, ofisi ya mbunge wako wa Congress inaweza kuuliza kwa niaba yako ukisaini fomu ya ruhusa ya faragha.

Ukikataliwa

Soma barua ya kukataa kwa utulivu, kwa sababu inataja sharti gani kati ya yale matatu halikuthibitishwa. Leta ushahidi mpya wa sharti hilo tu. Kutuma jalada lilelile kwa maneno makali zaidi hakubadilishi kitu.

Baada ya Fort Knox kukataa, mlango unaofuata ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za Jeshi, ABCMR, kwa fomu DD 149. Ukienda bodi kabla ya Fort Knox utarudishwa. Sheria inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ugundue kosa, lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki. Fomu ina nafasi ya kueleza sababu, usiiache tupu. Sheria pia inaitaka bodi imalize asilimia 90 ya mashauri ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18.

Ikikubaliwa

Utapata amri ya kudumu, cheti, nishani na DD 215. Hakikisha DD 215 imefika kweli, kwani bila hiyo ofisi nyingine hazitakutambua. Ipeleke VA mara moja: mwenye Purple Heart huwekwa angalau kundi la 3 la kipaumbele cha matibabu na haulizwi malipo ya kuchangia tiba. Tangu 1 Januari 2020 unaruhusiwa pia kununua kwenye maduka ya kambi.

Kwa walioumia tangu 11 Septemba 2001 na kutoka kwa heshima, msaada wa masomo wa Post-9/11 GI Bill unafika asilimia 100 hata kama hukutumikia miezi 36. Utaratibu huo ulianza 1 Agosti 2018, na unaombwa kwa fomu 22-1990.

Veterani akiwa amefariki, ombi linaweza kufanywa na mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena, kisha watoto, kisha wazazi, kisha ndugu. Ambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Kama alitoka jeshini zaidi ya miaka 62 iliyopita, jalada lake limekuwa wazi kwa umma na mtu yeyote anaweza kuagiza nakala kwa kulipia.