Somo: kuandika CV ambayo kompyuta ya mwajiri inaweza kuisoma

Kila wiki ninaulizwa na vijana wa hapa Tanga kwa nini wanaomba kazi na hawaitwi kwenye usaili, na kila nikifungua CV zao ninakuta makosa yale yale. Nimeona niandike mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ieleweke kwamba maombi yanayopelekwa kwa mkono katika bahasha ya kaki hayahusiki. Ninazungumzia waajiri wanaopokea maombi kupitia tovuti, ambako programu huchukua maneno yaliyomo katika faili lako, ikayapanga katika visanduku vya jina, elimu na uzoefu, kisha ofisa wa rasilimali watu akatafuta anachokitaka humo. Ambacho programu haikukisoma, yeye hatakipata.

1. Soma tangazo lote, si cheo na mshahara tu.

2. Tumia vichwa vilivyozoeleka: Elimu, Uzoefu wa Kazi, Ujuzi, Wadhamini.

3. Andika kwa lugha ya tangazo na kwa maneno ya tangazo, mradi ni ya kweli kwako. Tangazo likisema "ununuzi na ugavi", nawe ulifanya kazi hiyo lakini ukaandika "manunuzi ya ofisi", umejificha mwenyewe. Sifa ya kitaaluma iandike kwa kifupisho na kwa kirefu chake, kwa mfano CPA (Certified Public Accountant), kwa sababu hujui mtafutaji ataandika kipi.

4. Panga maelezo katika safu moja, bila majedwali wala visanduku vya maandishi. Namba ya simu iwe ndani ya ukurasa wenyewe.

5. Usiskani CV. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha. Sisi tumezoea kumalizia CV kwa tamko kwamba yote tuliyoyaeleza ni ya kweli, tukaweka saini na tarehe. Mimi nilichapisha yangu kwenye steshenari moja ya Ngamiani, nikaisaini kwa kalamu ya buluu, nikaiskani, nikaituma hivyo kwa miezi kadhaa. Kila nilipoipandisha kwenye tovuti, visanduku vilivyopaswa kujijaza vilibaki vitupu, nami nikadhani mtandao unasumbua. Siku moja nilijaribu kuburuta kipanya juu ya jina langu ili nilinakili, na halikushikika hata herufi moja, maana nilikuwa nikituma picha ya karatasi. Zipo programu zinazoweza kusoma maneno kutoka kwenye picha, lakini usizitegemee, kwani karatasi ikikaa upande kidogo tu, 0 huweza kusomwa kuwa O. Hifadhi faili kuwa PDF moja kwa moja kutoka Word, au litume kama faili la Word iwapo tangazo limetaka hivyo. Vyeti ndivyo vya kuskani, navyo viwe faili la peke yake.

6. Jaribu kabla ya kutuma: nakili CV yote, ibandike kwenye Notepad, ile programu ya kompyuta inayobakiza maandishi matupu, uisome. Ukikuta mwaka wa kuhitimu umehamia kwenye jina la mwajiri, rudi hatua ya 4.

MASWALI

Wa Muheza: Kaka, naomba unitumie ya kwako nibadilishe jina tu.
Jibu: Hapana. Hatua ya 3 umeisoma?

Wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini umesisitiza namba ya simu iwe ndani ya ukurasa?
Jibu: Marahaba, mdogo wangu, umeuliza vizuri. Wengi huiweka katika ile sehemu ya juu inayojirudia kila ukurasa. Katika faili la Word sehemu hiyo huhifadhiwa mbali na maandishi ya kawaida, na baadhi ya programu huiruka. Unaweza kufaulu kote, wakakosa pa kukupigia.

Wa Pongwe: Nimesikia ukijaza maneno ya tangazo kwa herufi nyeupe, mashine inakupitisha na mtu haoni.
Jibu: Anaona. Programu ikishayatoa maneno, rangi haibaki, na ofisa anakuta aya nzima ya ulaghai chini ya jina lako.

Wa Pangani: Mimi nilifuata yote haya na nikakataliwa dakika ileile. Somo lako halifanyi kazi.
Jibu: Kuna maswali uliyojibu kabla ya kutuma, kama vile una leseni au una uzoefu wa miaka mingapi?
Wa Pangani: Yalikuwepo. Wanataka miaka mitano, mimi nina miwili.
Jibu: Basi CV yako haikuhusika. Maswali hayo mwajiri anaweza kuyapangia jibu la lazima, na usipolifikia unaondolewa papo hapo.

Wa Chumbageni: Na jina la faili, lina maana yoyote?
Jibu: Kwa mashine, maana ndogo; kwa binadamu, kubwa. Weka jina lako na cheo unachokiomba. Jana nimetumiwa faili linaloitwa "CV mpya ya mwisho kabisa 4".
Wa Muheza: Hiyo ni yangu, kaka.