Kabla ya kuchagua kati ya boti mbili za matanga zilizotumika

Ukiwa na boti mbili za safari, za mita 10 hadi 12, na hujui uchukue ipi, usivutwe na magodoro mapya wala skrini ya ramani. Hivyo hubadilishwa kirahisi. Waulize wauzaji wote wawili: nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti zilifungwa mwaka gani? Zikishapita miaka 10 hadi 15, kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe, na gharama yake inaweza kabisa kuifanya boti ya bei nafuu iwe ghali kuliko ile nyingine.

Kisha panda sitahani na nyundo ndogo ya plastiki. Gonga taratibu, hasa kuzunguka vyuma vilivyofungwa kwa bolti. Sitaha ya faiba iliyo nzima hutoa mlio mkavu, mkali. Ukisikia mlio mzito uliofifia, mara nyingi maji yameshaingia kwenye tabaka la kati, lililobanwa ndani ya faiba, na kurekebisha ni kuikata sitaha yenyewe. Boti ya namna hiyo mimi ningeiacha hata kama injini yake ni mpya.

Tukija kwenye injini, omba uikute baridi. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, huenda iliwashwa mapema kuficha ugumu wa kuwaka; rudi siku nyingine. Moshi wa buluu usiokoma unaonyesha inachoma oili.

Mkuku, yaani pezi zito lililo chini ya boti, utazamwe boti ikiwa nchi kavu. Ukiona michirizi ya kutu pale mkuku unapoungana na bodi, mwite mkaguzi kabla hujataja bei yoyote.