"Used to": ya zamani au mazoea?

Kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi niliulizwa kama naweza kuamka alfajiri. Nikajibu kwa kujiamini: "I used to wake up early." Msaili akacheka. Nilidhani nimesema nimezoea. Kumbe nimemwambia zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi wapi!

Tangu hapo, kabla ya kufungua mdomo, naangalia kama "used" imetanguliwa na "am", "is", "are", "was" au "were". Kama hakuna, ni habari ya zamani iliyokwisha, na kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "She used to sing", alikuwa akiimba, sasa haimbi. Kama kipo, na unamzungumzia mtu, maana kwa kawaida inageuka kuwa kuzoea, na kitenzi lazima kivae "-ing": "She is used to singing", amezoea kuimba.

Hapo ndipo wengi tunateleza, maana sikio likisikia "to" linataka kitenzi kitupu. Jipime kwa nomino. "I am used to noise" inakubali, nimezoea kelele; basi mahali pa "noise" weka "singing", "waiting", chochote chenye "-ing". "I used to noise" haisemeki kabisa.

Ukikanusha kwa "didn't", ile "d" inadondoka: "I didn't use to smoke." Ni ya kuandika tu, kwenye matamshi huisikii.

Na tabia ya sasa? Usiseme "I use to wake up early". Sema "I usually wake up early". Ile kazi sikuipata.